Mama Mkwe wa Miaka Kumi

Nilikuwa natafuta leso safi ya mama. Sanduku lake la bati liko chini ya kitanda, na kulivuta ni kazi, maana mgongo wangu nao siku hizi una maneno yake. Chini kabisa, chini ya vitenge na makaratasi ya mazishi ya watu wa kanisani, nikagusa daftari. Lilikuwa lile la zamani lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambalo nyinyi wa rika langu mlilibeba ndani ya mfuko wa plastiki mvua ikinyesha. Nililinusa kabla sijalifungua. Moshi wa kuni mbichi, sabuni ya kipande, na harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyoshika chini ya sufuria. Nikakaa nalo sakafuni mpaka mama akauliza kutoka kitandani kama hiyo leso imeenda kufumwa kwanza.

Mwandiko ni wangu, wa utotoni, wa kukandamiza kalamu. Kila ukurasa una safu tatu. Kushoto ni Kifaransa, katikati ni namna ya kukitamka kwa herufi zetu, kulia ni maana. Asseyez-vous. Asiye vu. Kaa chini. Fermez la porte. Ferme la pot. Funga mlango. Kurasa zote ni hivyo, amri juu ya amri, hakuna salamu wala jina lako nani. Mtu asiyejua angedhani ni daftari la askari jela.

Tulikuwa tukiishi Majengo, mjini Meru, katika chumba kimoja cha kupanga, ukuta kwa ukuta na Mama Zuhura aliyekuwa akiuza mahamri. Mama alikuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana kule Kaaga. Yeye ni mtu wa Nkubu, lakini baba alikuwa wa Embu, wa kule chini kwenye joto na mbuzi, na alifariki kabla sijajua kumtofautisha na ndugu zake. Aliniachia jina la mama yake, Wawira, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza. Na anayepewa jina hupewa na cheo chake. Kwa hivyo tangu siku nilipozaliwa, mimi nilikuwa mama mkwe wa mama yangu mzazi.

Watu wengi hulichukua jambo hilo kwa mzaha. Humtania mtoto, humwita nyanya, humpa kipande kikubwa cha nyama siku ya sikukuu, basi. Mama alilishika kwa mikono miwili. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mama. Kiti chetu kilichokuwa na mgongo kilikuwa changu, yeye alikalia kigoda. Hakuniambia kula, aliniambia, "Mama, naomba uonje kidogo." Nilipovunja kikombe hakunichapa, maana nani humchapa mama mkwe? Alikwenda kubisha kwa Mama Zuhura, na Mama Zuhura akaja na mwiko, akanichapa mawili matatu huku akicheka, akarudi kwenye mahamri yake. Nilimwonea wivu Zuhura, ambaye mama yake alimfokea kutwa nzima kama mtoto yeyote.

Cucu mwenyewe, yule nyanya mwenye jina, alifariki nilipokuwa darasa la pili. Tulishuka Embu kumzika katika vumbi, na tuliporudi mama akaniangalia muda mrefu, akasema, "Sasa umebaki wewe tu." Nilidhani anasema habari za chumba chetu, kwamba tumebaki wawili. Mtoto husikia kile anachoweza kukibeba.

Habari za Kifaransa zililetwa na Mwalimu Kendi. Alikuwa mwalimu kijana wa somo hilo pale shuleni, na alipenda kuja jikoni kwa sababu wapishi walikuwa na maneno kuliko walimu wenzake. Siku moja alimwambia mama kwamba anaijua familia ya Wafaransa, mume ni mhandisi wa barabara, wanamaliza kazi Nairobi na kuhamia Abidjan kwa miaka miwili. Walitaka mwanamke wa kupika na kulea watoto wao wawili. Watoto hao hawakujua lugha nyingine yoyote.

"Mama Wawira, si lazima ujue yote," alisema. "Ukijua kuamuru na kuamriwa, hiyo ingine utaokota huko huko."

Mama alikuwa amekomea darasa la tano, na kusoma kulimchosha kuliko kupasua kuni. Kwa hivyo nikafanywa macho yake. Kila siku baada ya masomo nilipanda kutoka shuleni kwetu hadi Kaaga, na sisi watatu tukakaa katika stoo nyuma ya jikoni, katikati ya magunia ya maharagwe, Mwalimu Kendi akifundisha, mimi nikiandika, mama akirudia huku mikono yake ikichambua mawe.

"Sikizeni," alisema Mwalimu Kendi siku ya kwanza. "Tu manges, wewe unakula. Ukitaka kuamuru, mtoe huyo mtu hapo mbele. Toa tu. Angusha na hiyo s ya mwisho, haina kazi. Imebaki nini?"

"Mange," nikasema.

"Kula. Umeona ilivyo rahisi?"

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye maharagwe. "Kwa hivyo mtu anatoka, kazi inabaki."

"Ndio hivyo."

"Hiyo naijua," mama akasema, akarudi kwenye mawe yake.

Tukajifunza kwamba amri zina sura tatu. Mange, unamwambia mtoto au mtu wako. Mangez, unawaambia wengi, au mmoja unayemheshimu. Mangeons, unajiweka na wewe ndani, yaani tule. Mwalimu Kendi alisema Madamu, yule mke wa mhandisi, atamwambia mama kwa ile ya heshima, na watoto mama atawaambia kwa ile ya udogo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani kama Madamu atamwamuru mama kwa heshima, basi huko mama atakuwa mkubwa, atavaa saa, na watu watasimama akiingia. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu anaweza kukuheshimu katika kitenzi na bado akakutuma maji.

Nyumbani tulifanya mazoezi kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilikuwa Madamu, kwenye kiti changu chenye mgongo. Levez-vous, na mama anasimama na kiazi mkononi. Apportez de l'eau, na analeta maji. Kwa zamu hiyo hakukuwa na jambo geni, ni kiti kile kile na mama mkwe yule yule. Lakini ilipofika zamu ya pili nilikuwa mtoto wa Mfaransa, na mama ndiye aliyeamuru. Viens, akasema, njoo. Nikaja. Assieds-toi. Nikakaa, tena chini kwenye mkeka, si kwenye kiti. Mange. Nikala bila kuombwa kuonja kidogo.

Sijui kama nitaweza kueleza raha ile. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna aliyewahi kunifanya mdogo. Kwa Kimeru nilikuwa mama mkwe, kwa Kiswahili nilikuwa mama mkwe, lakini katika Kifaransa mama alinikaripia kama mtoto. Nikaanza kutafuta makosa. Niligusa sufuria ya moto kwa makusudi ili niambiwe ne touche pas, usiguse, na yeye, akiwa amezama katika mazoezi, alinipiga kikofi mkononi bila kwenda kumwita mtu. Kiliwasha, na nilikwenda kulala nikiwa na furaha.

Mama Zuhura alisimama mlangoni akatutazama, sinia kichwani. "Enhe, leo mmepandwa na pepo la wapi?"

"La Abidjan," mama akajibu. "Lakini hii lugha inataka mtu ako na mafua. Bila mafua haitoki kwa pua."

Wakacheka wote wawili. Siku hizo mama alicheka sana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapolishika daftari. Alikuwa na ukurasa aliopenda, ule wa allons, twende. Katika kitabu cha Mwalimu Kendi palikuwa na picha ya mama mmoja na kikapu, na mtoto kamshika mkono, na maneno hayo juu yao. Mama alilirudia neno hilo akifagia, akipiga pasi, akivaa viatu asubuhi. Allons, allons. Na mimi niliiangalia picha ile nikajiona. Hakuna aliyeniambia nitakwenda Abidjan, na hakuna aliyeniambia sitakwenda. Nilisikia twende, nikaanza kuwaaga marafiki.

Madamu alikuja Jumamosi moja, yeye na watoto wake, mvulana na msichana mdogo wa kama miaka minne. Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi. Mama alikuwa na aproni nyeupe aliyoianika juani siku mbili ili iwe nyeupe zaidi. Palikuwa na meza nje ya jiko, na ndizi, na chai. Madamu alizungumza polepole, akasema fungua, leta, mimina, weka hapa, na mama hakukosea hata moja. Kisha Madamu akarudi nyuma kidogo, akakunja mikono, ili aone mama atafanyaje na watoto.

"Viens," mama akamwambia yule msichana, akainama. Mtoto akaja. "Assieds-toi. Mange." Mtoto akaichukua ndizi mkononi mwa mama, akala, akajifuta vidole vyake vya ndizi kwenye aproni ya mama. Mvulana alitaka kuchokoza sufuria. "Ne touche pas," mama akasema, kwa sauti ile ile, sauti yangu ya mkekani. Mvulana akaacha.

Kisha akawashika wote wawili mikono, akasema, "Allons," na kuwapeleka bombani kunawa.

Nilipiga hatua kuwafuata. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono. Mama akageuka, akaniona, akasema kwa Kiswahili, kwa adabu yake yote, "Mama, naomba ungoje hapo."

Mwalimu Kendi alikuja kusimama karibu nami. Alikuwa anatabasamu. "Amepita. Wanasafiri mwisho wa mwezi."

"Mimi nitavaa nini kwa ndege?"

Tabasamu likapungua. Alichuchumaa akanirekebishia kola ambayo haikuwa na kasoro. "Wewe utakaa na mama mkubwa huko Nkubu. Miaka miwili si mingi, Wawira. Ni mama anaenda kutafuta karo yako."

Sikulia. Mama mkwe halii mbele ya watu. Niliwatazama wale watoto wakinawa, mama akiwakausha kidole kimoja kimoja, nikawachukia kwa nguvu ambayo sijaipata tena hata kwa watu wazima walionikosea.

Kesho yake, baada ya kanisa, mama akapika uji wa wimbi uliochachushwa, akautia katika kibuyu cha Cucu tulichorudi nacho kutoka mazishini. Akanikalisha kwenye kiti. Akakaa kwenye kigoda, chini yangu, akanipokeza uji kwa mikono miwili, akangoja mpaka nikapiga funda. Mlango ulikuwa wazi na jua lilifika mpaka miguuni pake. Alivaa kitambaa cha kichwa kana kwamba amekwenda ugenini.

"Mama," alisema, kwa Kimeru, polepole. "Nimepata kazi mbali. Mwanao hayuko, na wewe ulimfuata. Mke hatoki kwa boma ya watu akavuka maji bila neno la mwenye boma. Nimekuja kuomba hilo neno. Niambie niende."

Nilijua hatuchezi. Ningependa kusema sikujua, lakini nilijua. Nilijua kwa namna alivyoangalia chini, na kwa jinsi mikono yake, ambayo haikupumzika maisha yake yote, ilivyotulia juu ya magoti. Alikuwa hazungumzi na mtoto. Alikuwa anazungumza na marehemu, na marehemu huyo alikuwa na mdomo wangu. Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Liko ukurasa wa nne wa daftari hili, allez, ale, nenda.

Nikaenda ukurasa mwingine kichwani, ule wa makatazo, ambao ne inakaa upande huu na pas upande ule, na kitenzi katikati kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba mbili.

"Ne partez pas," nikasema. Kisha, ili pasiwe na shaka, nikasema tena kwa Kimeru, na kwa sauti nzito niliyoikumbuka kwa Cucu. Usiende.

Nilidhani atabisha. Nilidhani atacheka, anishushe kutoka kwenye kile kiti na kunikalisha mkekani, aniambie nyamaza wewe mtoto. Nafikiri hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka. Nzi alizunguka kwenye kibuyu. Baadaye akanyoosha mikono miwili, akakipokea kibuyu ambacho sikuwa nimekimaliza.

"Haya, Mama. Nimesikia."

Jumatatu nilikuwepo alipomwambia Mwalimu Kendi, kule stoo.

"Siendi. Mama mkwe amekataa."

"Mama mkwe wako si alikufa?"

"Alikufa. Lakini amekataa."

Mwalimu Kendi alinitazama, na akaelewa, maana yeye pia ni mtu wa huku huku, na yeye pia ana jina la mtu. Hata hivyo alikasirika. "Mama Wawira, huyu ni mtoto. Ako darasa la nne."

"Najua ni mtoto. Mimi ndio nilimzaa," mama akasema. "Na nilimuuliza, na alinijibu. Sasa nikienda na kitu kibaya kikitokea, nitasema niliambiwa na nani?"

Akachukua ungo wake. Mwanamke mwingine alipatikana, akaenda, na maisha yakaendelea kama yanavyoendelea, bila kutazama nyuma kuona nani ameachwa. Kwa kama wiki moja nilitembea nikijihisi mshindi. Kisha nikagundua nilichofanya. Mazoezi yalikuwa yamekwisha. Hakukuwa na mkeka tena, wala viens, wala kikofi mkononi. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti, na safari hii nimekalia kiti hicho kwa haki, maana nimetoa amri na imetiiwa. Mama hakunilaumu. Aliendelea kuniomba nionje kidogo. Nilitamani hata Mama Zuhura aje na mwiko, lakini hilo nalo halikuwa kosa la kumfanya mtu akabishe kwa jirani.

Karo yangu aliitafuta kwenye moshi ule wa Kaaga, mwaka baada ya mwaka, akiinua masufuria ambayo wanaume wawili walipaswa kuyainua. Magoti yakaenda kwanza, kisha kifua, na mwaka jana akateleza bafuni na nyonga ikavunjika. Mimi nilisoma nikawa mwalimu wa msingi. Nilipopewa uhamisho kwenda mbali nilikataa, mara mbili, na aliyetaka kunioa akanipeleka pwani naye nilimkataa. Watu husifu, husema Wawira anampenda mama yake. Nampenda. Pia nimechoka. Nimechoka kwa uchovu wa mtu aliyelala usiku wote na bado hajapumzika, na siwezi kumlaumu mtu, maana maji niliyamwaga mwenyewe.

Siku hizi mimi ndiye ninayeamuru, na si mchezo. Kula. Meza. Geuka. Inua mguu. Nikitoka kwa watoto hamsini darasani nakuja kwa mmoja kitandani, na kutwa nzima kinywa changu ni vitenzi vitupu, nimemtoa mtu nikabakiza kazi. Yeye hutii. Hujibu, "Haya, Mama," na kila akisema hivyo nasikia kile kibuyu kikitoka mikononi mwangu.

Siku ile ya leso nilimpelekea daftari. Nikalishika mbele ya macho yake, nikimgeuzia kurasa. Alivaa miwani.

"Hiyo ni yako," akasema. "Nilikuwekea."

"Mama, nikuulize kitu." Nilikuwa nimeliweka daftari kitandani, nimesimama kando yake na beseni la kumwoshea mikononi, na maji yalikuwa yanapoa. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu utotoni na lilitoka kama kitu cha kawaida. "Kama ningesema nenda, ungeenda?"

Hakufikiri. "Ningeenda. Hata sweta nilikuwa nimenunua."

Sidanganyi, nilitegemea jibu jingine. Lilikuwa ndilo jibu nililolijua siku zote, na bado nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba ataniambia hakutaka kwenda.

"Lakini wewe sikiza," akasema. "Nilikuwa naogopa. Nilikuwa natafuta mtu mkubwa aniambie niende ama nikae, na hakukuwa na mtu. Wote walikuwa wameisha. Nikachukua mtoto nikamweka kwa kiti, nikamuuliza kitu ya watu wazima. Mtoto angejibu nini? Hiyo makosa ni yangu. Nimengoja uniulize, haukuuliza, na mimi siwezi kuanza, na wewe ni mama mkwe."

Alicheka kidogo kwa kifua chake kibovu, na mimi sikuweza kucheka. Akavua miwani. Akanitazama miguu, iliyovimba kwenye viatu vya shule ambavyo sikuwa nimevivua, akalitazama beseni, akanitazama usoni kwa muda.

"Weka hiyo maji chini," akasema.

Nikaliweka. Hakusema naomba.

Akapigapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. Alitafuta neno lenyewe, midomo ikijaribu kwanza bila sauti, na lilipokuja lilikuja na Kimeru chake chote ndani yake, na halikuwa lile la heshima. Lilikuwa lile la mkekani.

"Assieds-toi," mama akaniambia.

Nikakaa.